Juisi ya Nyonza kwa Wifi Yangu

Watu wanaokuja kwangu Sengerema huusifia uzio wangu hata kabla hatujasalimiana vizuri. Wanauliza ni mmea gani huu, wenye maua meupe yanayonukia mpaka barabarani na miiba inayotoboa soli ya kandambili. Nawaambia ni muyonza, kichaka cha porini kwetu Bukoba, na matunda yake tunayaita nyonza. Ukishakomaa hapiti mbuzi wala mwizi. Hayo yote ni kweli. Ila nilipoanza kuupanda sikuwa nawaza mbuzi wala mwizi. Nilikuwa namuwaza wifi yangu.

Niliolewa Ilemela, kwenye nyumba iliyokaa juu ya mawe, mahali ambapo ukitaka kupanda hata mchicha unaanza kwa kubeba udongo kwa ndoo. Mume wangu alikuwa fundi umeme, mtu mpole, mpole kupita kiasi. Tuliishi na mama yake, bibi wa Kisukuma aliyekua akichunga ng'ombe, nami nilimwita mayu kama watoto wake walivyomwita. Mume wangu alikuwa na dada mmoja tu. Huyo alikuwa ameolewa Kirumba na alikuwa na meza yake ya samaki pale soko la Mwaloni. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa, ndugu wote walimtegemea. Kila alipokuja kwetu aliangalia tumbo langu kwanza, kisha uso. Sisi hatukuwa tumejaliwa mtoto, na yeye hakuficha kwamba alitaka kaka yake aoe mwanamke mwingine.

Mwaka mmoja nilikwenda Bukoba kwenye harusi ya mdogo wangu nikarudi na meli, nimebeba kopo la nyonza mbivu. Nilizikamua, nikaosha mbegu mpaka utelezi ukaisha, nikazipanda siku hiyohiyo zingali mbichi, kwenye makopo ya maziwa niliyoyatoboa chini. Ziliota kwa uvivu. Zilipofikia kimo cha kiganja nikazihamishia katikati ya mawe, kila shina na kiganja cha samadi. Mayu alinikuta nimeinama pale akachuma jani, akalivunja, akatazama maziwa yake meupe yakitoka.

"Hiki mimi nakijua," akasema. "Nimekila sana machungani. Miiba yake ilinichana magauni mpaka mama akanichapa."

Aliusubiri ule mmea kuliko mimi. Mvua zikaja, zikapita, zikaja tena, hadi msimu mmoja tukaona maua, meupe yenye wekundu wa mbali kwa nyuma, na nyuki wengi. Kisha yakaja matunda. Kwanza kijani, halafu mekundu, halafu zambarau inayokaribia weusi. Ukiyachuma mapema yanakunatisha midomo kama gundi. Ukiyasubiri yaive sawasawa ni matamu yenye ukali kidogo, ule unaokufanya ufumbe jicho moja halafu uchukue jingine.

Nilijifunza kuyatengeneza juisi. Unayachemsha kwa maji machache, si kwa kuyatokotesha, yalainike tu. Unayaponda kwa mwiko, unayachuja kwa kitambaa, maana ukitumia chujio la chai maziwa yake yanaganda kwenye matundu. Sukari unatia mwishoni. Rangi yake inakuwa kama ya divai ya kanisani. Mayu alikunywa kila siku, nyingine alichanganya kwenye uji. Mzizi nao hakuuacha: alichimba kipande, akakimenya, akakitumbukiza kwenye supu ya mbuzi. Ile miaka michache nilikuwa na mama mkwe rafiki, na najua wanawake wengi ambao hawajawahi kuwa naye.

Siku iliyoharibu mambo, wifi alikuja na vichwa vya sangara ndani ya ndoo. Alikuwa amezunguka navyo tangu asubuhi kwenye shughuli zake, ndoo ikiwa juani. Nilipofungua kifuniko harufu ilinipiga. Nikamwita mume wangu pembeni.

"Hawa samaki wameharibika."

"Usiseme," akanijibu kwa sauti ya chini. "Dada atajisikia vibaya. Wewe wakaange sana."

Niliwakaanga sana. Mimi sikula. Mume wangu akadai kaitwa kazini, akaondoka bila kula. Wifi alisema ameshiba. Mayu, ambaye hakuweza kukataa kitu cha binti yake, alikula vichwa hivyo mpaka akanyonya mifupa, akashushia glasi ya nyonza. Usiku wa manane alikuwa anatapika, na kufikia asubuhi tulikuwa hospitali, mkono wake una dripu.

Daktari akauliza alikula nini. Nikasema ukweli: samaki, kisha juisi. Wifi alikuwa amefika. Katika maneno yote mawili alisikia moja.

"Juisi ya nini?"

"Ya nyonza, wifi. Unaijua. Anakunywa kila siku."

"Daktari, umesikia?" Sauti yake ikajaa wodini. "Huyu anamnywesha mama yangu matunda ya porini! Kuna mti matunda yake ni meusi hivyohivyo, ndio huo watu wanapaka sumu yake kwenye mishale. Anataka kumuua mama!"

Daktari akasema mgonjwa amekula chakula kilichoharibika, akasisitiza samaki, si juisi. Wifi alikuwa ameshatoka nje anapiga simu.

Mti huo wa mishale upo. Matunda yake, ukiyaona kwa mbali, yanafanana na nyonza. Lakini mti ule hauna miiba, na muyonza umejaa miiba yenye ncha mbilimbili kama uma. Mtu aliyekula nyonza utotoni hawezi kukosea. Mayu hangeweza kukosea.

Aliporudi nyumbani amepona, ndugu walikaa kikao sebuleni kwangu. Walikuja wajomba, baba wadogo, na shangazi mmoja kutoka Magu. Wifi alisema yote, akaongeza kwamba mwanamke asiyezaa ana sababu ya kuwachukia wanaozaa. Nilimtazama mayu. Alikuwa amejifunika blanketi kwenye kiti chake, anaangalia miguu yake. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anazungusha bisibisi mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa kazini. Nikangoja mmoja wao aseme neno. Baba mdogo aliye mkubwa wao wote akakohoa, akasema ingekuwa vizuri nikapumzike kwetu kwa muda.

Tulipotoka nje nikakuta wifi ameita vijana wenye mapanga. Ulikuwa msimu wa nyonza, vichaka vimeelemewa. Walikata vyote. Miiba iliwachana mikono wakawa wanatukana, na wifi akiwahimiza, "Mpaka shina! Mpaka shina!" Kisha akamimina oili chafu ya gari kwenye visiki. Matunda yalikuwa yametawanyika katikati ya mawe. Nilichuchumaa nikaanza kuyaokota, nikiyatia kwenye kanga yangu.

"Chukua," akaniambia akiwa amesimama juu yangu. "Chukua sumu yako uondoke nayo."

Nilichukua.

Nilipanda kivuko kwenda Sengerema kwa dada yangu, tumbo moja na mimi, ambaye ameolewa huko na mkulima. Sikulia ndani ya kivuko. Nilikaa kwenye benchi la pembeni nikawa nakula nyonza moja baada ya nyingine, nikitemea mbegu kiganjani na kuzifunga kwenye kona ya kanga. Nakumbuka vizuri nilichokuwa nawaza. Kila mbegu niliyoitema nilisema moyoni: wewe, wifi atakunywa. Na wewe atakunywa. Na wewe.

Shemeji yangu alinipa ukanda wa shamba wenye mawe, karibu na ziwa, ambao muhogo ulikuwa umeukataa. Nikaanza upya na makopo. Miche ya kwanza ilikanyagwa na ng'ombe waliokuwa wanapitishwa kwenda kunywa maji. Ya pili nikaizungushia matawi ya mgunga. Palizi nilifanya kwa mkono, na nilipopalilia nilikuwa nazungumza na wifi yangu. Nilimjibu kila neno la kikao kile, nikimpa majibu ambayo siku ile hayakuja. Majani niliyoyang'oa niliyang'oa kama nywele zake. Dada yangu alinisikia akasimama na jembe lake.

"Unaongea na nani?"

"Na wifi."

"Wifi yupi, na wewe umeshaachika?"

"Huyohuyo."

Mchungaji wetu naye aliambiwa, akaja kunisomea maandiko ya kusamehe. Nilimsikiliza kwa heshima, nikasema amina, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi kupalilia nikaendelea pale nilipoachia. Watu husema hasira inakula mtu. Mimi ilinilisha. Wanawake niliowafahamu, walioachika kama mimi, walikuwa wanashindwa kuamka kitandani. Mimi niliamka kila siku kabla ya jogoo wa dada, kwa sababu kulikuwa na kitu kinakua na kilikuwa kinakua kwa ajili ya mtu.

Vichaka vilipoanza kuzaa nikapeleka juisi kwenye gulio. Mwanzoni watu walionja kwa wasiwasi, baadaye wakawa wananitafuta. Hapo ndipo nilipokutana na mama mmoja wa Kiislamu kutoka Mwanza mjini, mpishi wa shughuli, aliyekuja kununua kuku. Alikunywa glasi, akafumba jicho moja, akaomba nyingine.

"Hii, mama, kwenye harusi zangu watu watagombana," akasema.

Akawa mteja wangu. Nilimpelekea madumu kwenye harusi za Nyamagana, za Ilemela, za Kirumba. Mimi mwenyewe sikuvuka. Nilimtuma dereva wa gari la mizigo.

Siku moja akanipigia simu kuagiza juisi nyingi kuliko kawaida. Ilikuwa sendofu ya kumuaga binti anayeolewa, Kirumba, watu wa samaki, wanataka mambo makubwa. Mama wa binti ana meza Mwaloni, akasema, mwanamke mwenye sauti ungemsikia toka ng'ambo.

"Ana kaka?" nikamuuliza.

"Anaye mmoja. Fundi umeme. Ndiye katufungia taa za ukumbi."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa kwenye kigoda.

"Hii nitaileta mwenyewe," nikamwambia.

"Una nini na watu wale?"

"Nina juisi."

Nilitengeneza juisi ile kwa uangalifu ambao sijautumia tena. Nilichagua tunda mojamoja, lililoiva sana na lisilo na alama ya ndege. Niliichuja kwa kitambaa kipya. Sikutia kitu kingine ndani yake. Kisasi nilichokitaka hakikuhitaji kitu zaidi ya sukari.

Sherehe ilianza jua limeshapoa. Nilikaa na wahudumu nyuma ya pazia la jikoni, nimevaa aproni na kilemba, nikiwatazama. Wifi alikuwa amenenepa na amependeza, siwezi kukataa. Mayu alikuwa meza ya mbele, amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kitenge kipya. Mume wangu alikaa karibu yake, kichwa kimeanza mvi. Wahudumu wakagawa vinywaji. Wifi alionja, akaitazama glasi, akamaliza. Akaita nyingine. Nikamwona anamwinamia jirani yake na kumwonyesha rangi, wote wawili wakitabasamu. Akaita nyingine tena.

Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Mama mwenye shughuli anauliza, nani katengeneza juisi hii? Aje mbele, ana zawadi yake!"

Mpishi akanigeukia. Nilivua aproni, nikatoa kilemba, nikabeba jagi lililojaa, nikatembea katikati ya ukumbi. Wifi alikuwa amesimama na doti ya kitenge mikononi, anacheza kidogo na muziki, anatabasamu. Alinitambua nilipobakiza hatua chache. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yaliondoka.

Nilipokea kitenge kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama inavyopasa. Kisha nikamwomba mshereheshaji kipaza sauti, naye akanipa, akidhani nataka kushukuru.

"Wakubwa shikamooni," nikasema. "Asante kwa zawadi. Mimi nilikuwa mke wa kaka wa mwenye shughuli. Juisi hii mliyokunywa inatokana na tunda linaitwa nyonza. Mwenye shughuli alisema ni sumu ya mishale, kwamba nilitaka kumuua mama yake. Alinikatia miti yangu, akaimwagia oili, nami nikafukuzwa. Leo ameniita mbele yenu anizawadie. Wifi, nimekuja nisikie kwa mdomo wako. Ni sumu, au ni tamu?"

Watu wengine walizitazama glasi zao. Halafu kutoka nyuma, walipokaa wanawake wenzake wa Mwaloni, mmoja akapaza sauti: "Ni tamu!" Meza yao yote ikaangua kicheko, wakapiga makofi, na mzee mmoja wa meza ya jirani akamaliza glasi yake kwa mkupuo, akaigeuza juu chini ili wote waone.

"Toka hapa," wifi akaniambia kwa sauti ndogo. Sikuwahi kujua kwamba ana sauti ndogo.

"Nitatoka. Maliza kwanza glasi yako."

Glasi ilikuwa mezani mbele yake, nusu. Angeiacha, angekuwa amewaambia wageni wake wote kwamba amewanywesha sumu. Aliichukua. Alikunywa polepole, ukumbi mzima ukimtazama, nami nilitazama koo lake likipanda na kushuka mpaka mwisho. Nisiseme uongo: sijawahi kufurahia kitu kama koo lile.

Hapo ndipo mayu akaongea. Hakuwa na kipaza sauti, lakini kimya kilikuwa kikubwa na watu walimsikia.

"Mimi nilijua," akasema. "Toka siku ile nilijua. Tunda hili nimelila machungani tangu mtoto. Samaki ndio walioniumiza tumbo."

"Samaki wa nani?" mwanamke mmoja wa Mwaloni akauliza, na wote wakamgeukia wifi kwa pamoja.

Mayu akanyoosha glasi yake tupu kuelekea kwangu. "Mwanangu, niongezee."

Kabla ya siku ile, kama ungeniuliza, ningesema maneno hayo ndiyo niliyoyalilia miaka yote. Niliyasikia na hasira yangu ikapanda kuliko ilivyopanda kwa wifi. Wifi alinichukia tangu mwanzo, hakunidanganya. Huyu alikuwa ananiita mwanangu huku ananyamaza. Aliyasema sasa, tumbo limepona, kwenye ukumbi wenye muziki, wakati hayakumgharimu kitu.

"Imekwisha, mayu," nikamwambia.

Jagi lilikuwa mkononi mwangu, limejaa, na kila mtu aliliona. Nikageuka nalo nikarudi jikoni.

Mpishi alikuwa amejishika kiuno. "Ungemmiminia tu. Ni mzee."

"Siku ile pia alikuwa mzee."

Muziki ulirudishwa, mkubwa kuliko mwanzo. Nilikuwa nasuuza madumu pale bibi harusi mtarajiwa alipoingia jikoni akiwa ameinua gauni lake lisiguse maji. Nilimwacha akiwa msichana wa shule. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana.

"Anti," akasema, "si ungesubiri hata kesho?"

Akatoka. Nikarudia kusuuza dumu ambalo nilikuwa nimeshalisuuza.

Habari za baadaye nililetewa na mpishi. Wifi akipita Mwaloni wanawake walimpokea kwa "Ni tamu!" mpaka akahamisha meza yake upande mwingine wa soko. Wateja walianza kunusa samaki wake mara mbilimbili. Nilipoambiwa nilicheka peke yangu shambani hadi nikakaa chini. Kesho yake nikaamka nikiwa nimechelewa, jogoo ameshawika, jambo ambalo halikuwahi kunitokea. Nilikwenda kupalilia, nikafungua mdomo nimwambie wifi kitu, na sikuwa na cha kumwambia. Nilipalilia kimya. Kazi ilikuwa ndefu kuliko siku zote.

Mume wangu alikuja Jumapili moja baada ya ibada. Dada yangu alimpa kiti chini ya paa la jiko, mimi nikampa maji.

"Mayu anakuulizia," akasema.

"Mwambie nipo."

"Anaomba ile juisi. Hana hamu ya kula chochote."

Nikavuta kikapu changu karibu.

"Na mimi naomba urudi. Kosa lilikuwa la dada."

"Wewe siku ile ulikuwa unawaza nini, kwenye kikao?"

Alifikiri kweli, namjua. "Niliwaza tukinyamaza, yatapita."

"Basi yamepita," nikasema. "Kunywa maji, usije ukakosa kivuko."

Alikunywa. Aliponyanyuka hakuniomba mara ya pili, na hilo nalo lilinikasirisha. Nilichukua kikapu nikaenda kuchuma upande wa ziwani, ambako matunda yaliyoiva yalikuwa yanaanguka. Kupitia matawi nilimwona dada yangu akitoka ndani kwa haraka na chupa imefungwa kwenye gazeti, akimkimbilia mume wangu njiani, akigeuka nyuma kuangalia kama naona. Nilikuwa naona vizuri kabisa. Ningeweza kuita. Niliinamia tawi la chini, lile lenye miiba mingi, nikaendelea kuchuma, na dada aliporudi nikamuuliza kama amekwisha kuandaa chakula cha mchana.